Kushiriki, Kushirikisha na Kushirikiana: Istilahi za Usanifu wa Vifaa Saidizi Karagwe na Kyerwa

Miongoni mwa kazi zinazofika katika sehemu yetu ya istilahi, zipo zile ambazo mfasiri huzileta akiwa amekwisha kuzimaliza, naye hataki kwetu ila kuthibitishiwa tu. Moja ya kazi hizo ilikuwa fomu ya kurasa 4, iliyoandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa uhandisi waliokusudia kwenda katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, wakabuni vifaa vya kuwasaidia watu wenye ulemavu na familia zao. Kichwa chake kilisomeka hivi: "Fomu ya Ushirikishwaji wa Jamii Lengwa katika Ubunifu wa Teknolojia Saidizi". Kila neno katika kichwa hicho linatumika katika maandishi ya serikali, na sarufi yake haina kosa. Hata hivyo nilikaa na fomu ile siku 3 nisiweze kuipitisha, na makala hii ni maelezo ya sababu yake.

Yawezekana msomaji akaona kwamba huku ni kushughulikia maneno mahali ambapo watu wanangoja vyuma. Uhaba wa vifaa vyenyewe ni mkubwa kweli kweli. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 inaeleza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji kifaa saidizi kimoja au zaidi, na kwamba karibu bilioni 1 hawakipati. Katika nchi zilizo maskini kabisa, wanaopata wanaweza kuwa 3 tu katika kila watu 100 wanaohitaji. Lakini taabu haiishi kifaa kinapopatikana. Kiti kilichosanifiwa kwa ajili ya sakafu laini na milango mipana, kikipelekwa kwenye nyumba iliyo mteremkoni na iliyozungukwa na migomba, hukaa kwa mwenyewe majuma machache, kisha huwekwa nyuma ya nyumba, na kuku wakakitagia. Msanifu huongozwa na maelezo aliyopewa. Maelezo huja kwa maneno, na neno lililopotoka hupotosha chuma.

Kwanza tupatazame mahali penyewe. Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipotengwa kuwa wilaya kamili. Ni nchi ya vilima na mabonde, ya migomba na kahawa, inayopakana na Rwanda na Uganda, na mto Kagera hupita mpakani. Kutoka nyumba nyingi hadi barabarani njia ni ya miguu. Hupita kati ya migomba, hushuka, hupanda, na wakati wa mvua huteleza. Baiskeli huko aghalabu haipandwi bali husukumwa, imebeba mikungu ya ndizi. Msanifu asiyejua kwamba baiskeli ya Karagwe ni mkokoteni kabla ya kuwa chombo cha kupanda, hajajua jambo la msingi kuhusu magurudumu ya huko.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa nchi hiyo walikuwa wakingoja mtu awafundishe kusanifu. Ufundi wa chuma wa Karagwe ya kale ulijulikana mbali, na vyombo vya chuma vya watawala wake, pamoja na sanamu za ng'ombe, vimeandikwa habari zake tangu karne ya 19. Omukama Rumanyika aliwapokea Speke na Grant mwaka 1861. Grant akaugua mguu vibaya hata hakuweza kutembea. Speke akatangulia kwenda Buganda, naye Grant akabaki Karagwe miezi kadhaa, hadi Aprili 1862 alipoondoka akiwa amechukuliwa juu ya machela na watu. Nasema hili kwa utani kidogo, lakini si utani mtupu: kifaa saidizi cha kwanza kuandikwa habari zake katika nchi ile kilikuwa kazi ya watu wa maeneo yale, na aliyesaidiwa alikuwa mgeni. Waliombeba hawakujaziwa fomu yoyote ya kushirikishwa.

Siku hizi kazi ya kuwafikia watu wenye ulemavu majumbani mwao inafanywa katika wilaya hizo mbili na shirika lijulikanalo kwa herufi za KCBRP, ambalo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa mpango wa Karagwe wa utengamao katika jamii. Neno hili "utengamao" linastahili kusimamiwa kidogo. Wengi hulikwepa kwa kudhani ni gumu, wakasema "ukarabati", kana kwamba mtu ni daraja. Kutengamaa ni kuwa katika hali nzuri, ya utulivu na mpango. Hutengamaa mtu, hutengamaa nyumba, hutengamaa nchi baada ya vurugu. Kwa hiyo utengamao si kazi ya kumrekebisha mgonjwa peke yake. Waweza kuwa kumjengea mtoto kiti cha kumwezesha kuketi wakati wa chakula, na waweza kuwa kuisawazisha njia ya kwendea chooni. Kwa maana hiyo neno letu lina upana kuliko lile la Kiingereza lililolizaa, nasi tusilibane.

Sasa nirudi kwenye kichwa cha fomu, na hasa kwenye neno lake la kwanza.

Mzizi wa mambo ni kitenzi "shiriki". Anayeshiriki anachukua sehemu ya jambo kwa hiari na nguvu zake. Tukiongeza kiambishi cha kutendesha tunapata "shirikisha", na hapo mtu mwingine ameingia: yuko anayefanya wenzake washiriki. Tukiongeza tena kauli ya kutendwa tunapata "shirikishwa", na yule mwananchi sasa hatendi. Anatendwa aonekane anatenda. Kisha tukalifanya jambo hili lote kuwa jina tukapata "ushirikishwaji", neno ambalo ndani yake mwenye mlango wa kushiriki amesimama mwishoni kabisa, nyuma ya viambishi viwili. Sidai kwamba aliyeandika fomu alikusudia hayo. Lakini Kiswahili kinasema kilichomo ndani ya viambishi vyake hata kama msemaji hasikilizi.

Msomaji asielewe kwamba nalipiga marufuku "shirikisha". Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unazitaka serikali katika kifungu chake cha 4 zishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu, wakiwamo watoto, na kuwashirikisha kikamilifu kwa njia ya vyama vyao. Hapo kauli ya kutendesha imekaa mahali pake, kwa sababu sheria inamtaja mwenye wajibu, na mwenye wajibu ndiye anayepaswa kutenda. Serikali yashirikisha, chuo chashirikisha, mradi washirikisha. Kosa huja pale tunapotoka kwenye wajibu wa mradi tukaingia kwenye kazi ya mwananchi, tukaendelea kutumia neno lile lile. Fomu ile iliuliza: "Je, ulishirikishwa katika hatua zipi?" Mama aliyeketi saa 2 akimweleza mwanafunzi jinsi mwanawe anavyoanguka upande wa kushoto, na kwa nini mto wa nguo kuukuu haumzuii, hakushirikishwa. Alisanifu. Swali lililostahili ni: "Wewe ulisema nini, na kifaa kilibadilikaje baada ya kusema?"

Ipo pia kauli ya tatu, "shirikiana". Hii ni ya kutendana, nayo hudai pande mbili zilizo na la kutoa. Wafasiri huipenda kwa sababu ni ya upole, wakaiweka kila mahali. Mimi ningeitunza. Mwanafunzi na fundi baiskeli wa njia panda wakikata bomba pamoja na kubishana juu ya unene wake, wanashirikiana. Mwanafunzi akichora chuoni kisha akaja kumwonyesha fundi mchoro uliokwisha, huko si kushirikiana, ni kuarifu.

Mfano ninaoujua vizuri zaidi katika jambo hili haukutokea Kagera bali upande mwingine wa nchi yetu na kwa jirani zetu, lakini vilima na mabonde yake yanafanana na ya Karagwe. Mwaka 2005 mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, jina lake Amos Winter, alikuja Tanzania kuchunguza hali ya vitimwendo na watumiaji wake. Kutokana na safari hiyo likazuka wazo la kiti kinachoendeshwa kwa nyenzo mbili badala ya kusukuma magurudumu kwa viganja, na kujengwa kwa vipuri vya baiskeli, ili mtu wa kijijini aweze kukitengenezea karibu na kwake. Akiushika wenzo juu, anapata nguvu ya kupanda kilima; akiushika chini, anapata mwendo wa kasi katika tambarare. Gia ni mkono wake mwenyewe. Ni wazo zuri, na wanafunzi pamoja na walimu wao waliliendeleza wakisaidiana na watengenezaji wa vitimwendo wa huku, pamoja na TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichofunguliwa Moshi mwaka 1981.

Mwaka 2009 viti hivyo vilijaribiwa Afrika Mashariki na watu waliokaa navyo majumbani kwa miezi. Barabarani vilifanya vizuri. Ndani ya nyumba vilishindwa: vilikuwa vipana na vizito mno. Wasanifu walirudi mezani, wakapunguza upana na uzito kabla ya majaribio yaliyofuata huko Guatemala. Nauliza, je, wale watu wa Afrika Mashariki walioishi na kiti kile wakasema hakipiti, katika taarifa ya Kiswahili tuwaiteje? "Walengwa"? "Wanufaika"? "Watoa taarifa"?

"Mlengwa" ni neno la mwindaji. Hulengwa swala, hulengwa embe lililo juu ya mti. Katika mipango ya serikali limezoeleka nami sina nguvu ya kuling'oa, lakini katika usanifu linadanganya, kwa kuwa linamweka mtu mwisho wa mshale wakati yeye ndiye mwenye habari za mwanzo. "Mnufaika" ni zuri endapo kweli amenufaika. Likitumika kabla ya kifaa kujaribiwa ni kuhesabu kuku ndani ya mayai. "Mtumiaji" ni la haki na ni fupi, ila linamwacha nje mama, bibi au ndugu ambaye ndiye ainuaye, avutaye na afuaye kitambaa cha kiti. Katika nyumba za Karagwe, kama katika nyumba nyingi za Tanzania, kifaa cha mtoto kina watumiaji 2 au 3, na mgongo wa yule mkubwa huumia kama kimo cha kiti si chake. Napendekeza basi "mtumiaji" na "mlezi" yatumike pamoja, na aliyechangia mawazo yaliyobadilisha kifaa aitwe "msanifu mwenza". Mwenzangu mmoja wa ofisini aliliona hili kuwa ni kumpamba mtu kwa cheo asichokisomea. Nilimjibu kwamba msanifu wa mashairi naye hatukumuuliza cheti.

Kuhusu majina ya watu wenyewe sitakaa sana, kwani yamekwisha kujadiliwa katika kurasa kama hizi. Sheria zetu za mwaka 1982 na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 zaonyesha jinsi mawazo yalivyosogea. Nataka kukumbusha jambo moja tu. Wasioona wameliacha neno "vipofu" katika jina la chama chao, Chama cha Wasioona Tanzania. Lakini viziwi wamelishika lao, Chama cha Viziwi Tanzania, ijapokuwa nalo limo katika ngeli ile ile ya vitu. Mfasiri anayejitia huruma akaandika "wasiosikia" kila mahali amewanyima jina walilojichagulia. Wenye jina waulizwe.

Hapa ndipo majina ya vifaa yanapoingia, nayo yana mitego yake. Rasmi tunasema "kitimwendo", wengine huandika maneno mawili, "kiti mwendo". Upande wa Kenya husikika "kiti cha magurudumu". Lakini vijijini mwetu kiti hicho, hasa kile cha magurudumu 3 kiendeshwacho kwa mikono, mara nyingi huitwa "baiskeli" tu. Fomu ikimwuliza mzee, "Je, unacho kitimwendo?" aweza kujibu hapana kwa moyo safi, na baiskeli yake imesimama ukutani ikiwa imetoboka tairi. Katika hesabu ataonekana hana, ataorodheshwa kupewa kingine, na hakuna atakayemletea kiraka cha shilingi chache. Istilahi sanifu ni ya taarifa na ya sheria. Fomu ya kumhoji mtu haina budi kubeba pia jina analolijua. Vivyo hivyo "shimesikio" na "nukta nundu", maneno mazuri ambayo mwalimu wa elimu maalumu anayajua na jirani yake huenda asiyajue. Fimbo nyeupe na magongo hayana shida, yamejieleza.

Na jina la jumla je? "Vifaa saidizi" limeenea, nami nalitumia katika makala hii. "Teknolojia saidizi" ni pana kuliko hilo, kwa kuwa lagusa pia maarifa na huduma, na lisitumike pale tunapokusudia gongo moja. Wapo wanaopendelea "nyenzo saidizi", na nakiri kwamba moyo wangu uko huko. Wengi wetu tumesahau kwamba "nyenzo" ni wingi wa "wenzo", ule ufito au gogo la kusogezea kitu kizito. Aliye na wenzo hasaidiwi na mtu. Anaongeza nguvu aliyo nayo. Kile kiti cha mwaka 2009 kilikuwa nyenzo kwa maana zote mbili.

Nije sasa kwenye sehemu ya fomu iliyonifanya niizuie hasa. Ukurasa wa 3 uliuliza: "Je, umeridhika na kifaa? Ndiyo / Hapana. Toa mrejesho." Yeyote aliyekulia katika adabu zetu anajua jibu litakalotoka. Mgeni amekuja kutoka mbali, ameleta kitu, amekaa kitini kwako, amekunywa chai yako. Utamwambia nini? "Tunashukuru sana, mwanangu, Mungu akubariki." Mwanafunzi ataweka alama kwenye Ndiyo, arudi chuoni na asilimia 100 ya watu walioridhika, na kiti kitakwenda kwa kuku.

Kiswahili, hata hivyo, kimejaa maneno ambayo kwayo mtu husema ukweli wa mwili wake bila kumvunjia mgeni heshima. Hayatamkwi juu ya mtoaji. Hutamkwa juu ya kitu. Mkanda "unabana" au "unapwaya". Ukingo "unachubua". Kiti "kinayumba", "kinaelemea upande", "kinagota" kizingitini, "kinakwama" matopeni, "kinateleza" penye majani mabichi, "kinarudi nyuma" mlimani. Gongo "linazama" ardhi ikilowa. Mpini "unatia malengelenge". Mtoto ndani ya kiti "anaporomoka", "anainama", "anakaza miguu". Kila kimojawapo cha vitenzi hivi kinamwambia mhandisi mahali pa kushika: mkanda, ukingo, uwiano wa uzito, upana, upana wa tairi, breki, ncha ya gongo, pembe ya kiti. Hakuna hata kimoja kati yao kilichokuwamo katika fomu ya kurasa 4, wala katika faharasa iliyoambatana nayo, ambayo ilikuwa na majina matupu. Nimeona kasoro hii katika faharasa nyingi tunazozitoa sisi wenyewe, nami ni mmoja wa watoaji: tunakusanya majina ya vitu, tunaacha vitenzi vya vitu hivyo. Mtu hasanifu kwa majina.

Basi badala ya "Je, umeridhika?" tulipendekeza maswali kama haya: "Kinakubana wapi? Kinapwaya wapi? Kinakwama mahali gani hapa nyumbani? Ukikitumia mchana kutwa, jioni unaumwa nini? Nani mwingine anakishika?" Mfasiri alilalamika kwamba hayo si tafsiri ya maneno yaliyo katika nakala ya awali. Ni kweli, si tafsiri ya maneno. Ni tafsiri ya kazi ambayo swali lile lilitumwa kuifanya.

Liko na suala la Runyambo. Mwalimu au mtumishi wa serikali ataongea Kiswahili na mwanafunzi bila taabu. Bibi mlezi wa mtoto huenda akaongea Kiswahili cha sokoni na Runyambo cha maumivu. Hili si la kumkebehi, kwani sote mwili wetu husema kwa lugha ya kwanza. Nyenzo za kutusaidia zipo. Profesa Josephat Rugemalira alichunguza minyambuliko ya vitenzi vya Runyambo katika tasnifu yake ya mwaka 1993, na mwaka 2002 ukatolewa msamiati wake wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza. Mradi wowote unaokwenda huko ungefaa kuanza kwa kukaa na kitabu hicho pamoja na walezi watatu wanne, wakaorodhesha vitenzi vya kubana, kuchubua na kuelemea kwa Runyambo kabla ya kuchora mstari mmoja.

Wala faida si ya Karagwe na Kyerwa peke yake. Kanuni yetu ya kuunda istilahi inatutaka tukikosa neno katika Kiswahili tutazame kwanza lugha ndugu za Kibantu kabla ya kwenda ng'ambo. Neno "ngeli", ambalo kila mwanafunzi wa sarufi analitamka, lilitujia kutoka Kihaya, lugha iliyo jirani na ndugu wa Runyambo. Mkoa wa Kagera umetupa chombo cha kupangia majina yetu yote. Si ajabu ukatupa na jina la kifaa cha kumkalishia mtoto asiyeshika shingo, ambacho sasa wafasiri wanakiita "kiti cha kona" kwa kuwa ndivyo kilivyoitwa huko kilikotoka, hata pale nyumba yenyewe ilipo ya msonge na haina kona.

Nigusie upesi maneno mawili ambayo yakikosewa huleta madhara ya sheria. La kwanza ni "idhini" dhidi ya "ridhaa". Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka: mkuu wa wilaya, mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu. Ridhaa hutoka kwa mwenye mwili. Fomu ile ilikuwa na nafasi ya "idhini ya mshiriki", na chini yake mstari wa sahihi ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti aweza kuruhusu wanafunzi waingie kijijini. Hawezi kuruhusu mtoto wa jirani apimwe mapaja. La pili ni lile neno la Kiingereza katika Mkataba wa 2006 lenye kubeba maana mbili, ya kumpa mtu mahali pa kulala na ya kumfanyia nafasi kulingana na hali yake. Nimewahi kulikuta limefasiriwa "malazi stahiki". Msomaji atakuwa amejiuliza mtu asiyeona anapewaje kitanda kazini. "Marekebisho stahiki" linatosha kwa sasa, mpaka apatikane mwenye bora.

Limebaki neno moja ambalo sijalipatia ufumbuzi, nami nalileta kwa wasomaji. Wasanifu hutengeneza kwanza kifaa kisicho cha mwisho, ili kijaribiwe, kivunjwe, kilaumiwe, kisha kitengenezwe kingine. Katika fomu kiliitwa "mfano wa awali". Kwa mhandisi neno hilo latosha. Lakini hebu tufikiri mtoto wa Kyerwa amekalishwa kitini kwa mara ya kwanza, amekula akiwa ameketi, majirani wamekuja kuona. Baada ya majuma 2 wanafunzi wanakuja kukichukua warudi nacho chuoni, kwa sababu kilikuwa "mfano". Kwa familia ile kilikuwa kiti. Walipoambiwa "tunawaletea mfano" walielewa kwamba mfano huonyeshwa ili watu waige, si kwamba utaondoka. Jambo hili si la istilahi tu, ni la ahadi, na chuo kisiposema mapema kifaa kitakaa siku ngapi na kipi kitakuja badala yake, hakuna neno litakaloficha ubaya huo. Walakini neno lililo wazi lingesaidia.

"Kielelezo" limekwisha kuchukuliwa na mahakama na walimu. "Sampuli" yanukia maabara. Mimi nilipendekeza "kifaa cha majaribio", kwa kuwa kinatangaza chenyewe kwamba hakijakubaliwa bado na kwamba anayekikalia ana haki ya kukikataa. Mhandisi mmoja aliyesoma rasimu yetu akapinga, akasema kwamba mtu akisikia "majaribio" atadhani anayejaribiwa ni yeye, na kwamba vijijini neno hilo limekwisha kupata harufu ya dawa na sindano. Pingamizi lake lina uzito. Fomu imerudishwa kwa mfasiri ikiwa na nafasi tupu mahali pa neno hilo, na pembeni nimeandika kwa penseli kwamba waulizwe walezi wa Karagwe na Kyerwa wao wangekiitaje kitu kilicholetwa kwao ili wakiseme. Msomaji mwenye pendekezo, kwa Kiswahili au kwa Runyambo, aliandike pamoja na sentensi mbili tatu za kulionyesha linavyotumika, alipeleke kwa mhariri kabla ya toleo lijalo.